Hotuba ya Mkurugenzi wa Ustawi Siku ya Kuzindua Ndoo za Kutemea

Mheshimiwa Meneja Mkuu wa kiwanda chetu cha mvinyo. Mheshimiwa Naibu Meneja. Mheshimiwa Kaimu Naibu Meneja, ambaye ni yule yule Naibu. Waheshimiwa wakuu wa idara, vitengo na vijitengo. Mabibi na mabwana wa kujaza chupa. Mama zetu waosha mapipa. Ndugu madereva mlioegemea ukuta. Na wewe bwana mlinzi, uliyeacha geti wazi ili uje kunisikiliza: itifaki yote naikumbatia, na nisiyemtaja ajihesabu ametajwa mara mbili. (Makofi. Mlinzi anatoka mbio.)

Nasimama mbele yenu mimi, Mkurugenzi wa Ustawi wa Wafanyakazi, nikiwa na furaha isiyo kifani na kurasa kumi na tisa (miguno), kwa ajili ya kuzindua Mpango Mkakati Shirikishi wa Uhusiano Bora baina ya Mtengeneza Kilevi na Kilevi Chenyewe, mpango ambao niliubuni mimi, nikaufanyia upembuzi yakinifu mimi, na hatimaye nikajipongeza kwa barua, nakala kwenye faili.

Ndugu wafanyakazi, mchovya asali hachovyi mara moja, na sisi hapa tumeajiriwa kuchovya. Fundi viatu hatembei na kila kiatu anachoshona, lakini mtengeneza mvinyo asipoonja atajuaje kama anatengeneza mvinyo au siki? Katika muktadha huo niliendesha utafiti, ambapo asilimia themanini na saba nukta nne ya wafanyakazi wa ghala la mapipa walisema hawalewi, na waliobaki walishindwa kutamka jina la utafiti. (Kicheko.)

Nije kwenye mfano hai. Mnamfahamu mwonjaji wetu mkuu, tunayemwita Pua, kwa kuwa akinusa glasi atakuambia zabibu zilichumwa kabla ya mvua au baada yake. Simama, Pua, watu wakuone. (Pua anasimama shingo upande.) Mzee huyu, kwa miaka kumi na moja, badala ya kuonja na kutema kama kanuni ya kazi inavyotaka, alikuwa anaonja na kumeza, pipa la kwanza hadi la ishirini, funda moja moja, kila siku ya Mungu. Mkewe akimuuliza, “Baba watoto, umekunywa?” anajibu, “Nimetoka kazini.” Na hakuwa amedanganya! (Kicheko. Pua anatazama viatu vyake.)

Sasa basi, msimu uliopita wa mavuno, Pua alipanda ngazi ya tangi namba nne kukagua zabibu zinazochacha. Wote mnajua kwamba zabibu zikichacha hutoa hewa mbaya isiyo na rangi wala harufu, inayomwangusha mtu kama gunia, na ndiyo maana hapandi mtu peke yake, wala hainami. Lakini siku hiyo alikwisha kuonja mapipa kumi na saba. Akapanda peke yake, akainama. Kichwa kikazunguka, miguu ikaacha ngazi, na hapo, ndugu zangu, ndipo mkono wa ofisi yangu ulipomkamata mkanda wa suruali na kumvuta nyuma!

(Sauti ya mwanamke kutoka nyuma: “Ulikuwa mkono wangu!”)

Nashukuru kwa mchango huo. Mama mwosha mapipa anasema ulikuwa mkono wake. Kiutawala, mama, mikono yote ya wafanyakazi iko chini ya ofisi yangu. (Kicheko kirefu.) Baada ya tukio hilo, mwathirika alipatiwa ushauri nasaha wa kina na wataalamu wabobezi...

(Pua: “Samahani, bosi. Wataalamu gani?”)

Keti, Pua. (Wafanyakazi: “Mwache aseme!”) Haya sema, ila kwa kifupi, bado nina kurasa.

(Pua: “Aliyeongea na mimi ni huyo mama. Alinikalisha kwenye kreti. Akaniuliza, ‘Shemeji, ningekwenda kumwambia nini dada yangu?’ Maana mke wangu ni dada yake. Mimi ninayejua kila pipa humu ndani kwa harufu, siku hiyo niliyapita yote bila kunusa hata moja. Nikaenda nyumbani, nikamweleza mke wangu yote. Hakunigombeza. Siku tatu alinipakulia chakula, yeye akala jikoni na watoto. Siku ya nne akanipa ndoo yake ya kufulia. Akasema, ‘Temea humu. Ukiirudisha kavu, nitajua mvinyo umekwenda wapi.’” Ukumbi unaangua kicheko.)

Ieleweke kwamba ndoo hiyo imo kwenye andiko la mradi, kiambatisho cha tatu, kwa jina la Nyenzo ya Upokezi wa Ziada ya Kinywa.

(Pua: “Haikuwa rahisi. Mara mbili niliitilia maji nikampelekea mke wangu, akanusa tu, akanitazama. Hapo ndipo nikamwomba shemeji awe ananisimamia nikionja. Nikisahau kutema, ananikanyaga mguu. Sasa ghala zima lina ndoo sita. Na Jumapili, nikiwa na mke wangu mezani, nakunywa glasi moja, na ndiyo kwanza naisikia ladha yake. Miaka yote ile nilikuwa nameza tu.” Makofi, marefu kuliko ya Mkurugenzi.)

Makofi hayo nayapokea. Hayo ndiyo matokeo tarajiwa! Utemaji umepanda kwa asilimia mia sita, na kufikia msimu ujao tutakuwa na kituo cha kisasa cha ushauri, chenye viti vinavyozunguka, ambapo mfanyakazi yeyote...

(Dereva wa lori la zabibu, taratibu, kofia mkononi: “Mkuu, kituo hicho kinafunguliwa lini? Mimi siwezi kushika usukani asubuhi bila kupiga moja. Na nabeba watu.”)

Swali zuri sana, ndugu dereva. Linaingia kwenye mchakato. Litapitia kwa wadau, litarudi kama hoja, na ndani ya robo ya tatu ya mwaka...

(Pua anatoka kwenye safu yake, anakwenda kusimama kando ya dereva: “Nipe funguo, kaka. Leo ataendesha mwingine. Wewe utashinda na sisi ghalani.” Dereva anasitasita, kisha anamkabidhi. Mama mwosha mapipa anamshika bega.)

Naona tayari mchakato umeanza, chini ya usimamizi wangu. Sasa tuhitimishe kwa kaulimbiu. Nikisema “Onja!” semeni “Tema!” Onja! (Tema!) Onja! (Tema!) Mkurugenzi! (Tema!) Asanteni, mmeshika haraka.

Mwisho kabisa, namshukuru mshauri nasaha wa Mpango kwa kazi kubwa, ambaye tutamfahamu mara nafasi yake itakapotangazwa. Naishukuru kamati tendaji, ambayo haijateuliwa, kwa umoja wake. Nawashukuru washiriki wote wa semina elekezi, ambao orodha yao ina jina moja, langu, na hata mimi siku hiyo sikufika, kwa kuwa semina haikuwepo. Na kwa namna ya pekee naushukuru Mpango wenyewe, ambao, kwa kutoanza kabisa, haujawahi kushindwa hata siku moja. Tawanyikeni kwa amani.