Tenga la Sato

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Mzee Akbarali, bosi wetu hapa Pasiansi, ametangaza nafasi ya mkuu wa programu. Mimi au mwenzangu Shruti! Atakayemridhisha Mama Evelina, muuza sato wa soko la Mwaloni, kwa programu ya kuhesabu matenga yake, ndiye. Mkuu anakaa chini ya feni. Nimeshaanza kuhisi upepo.

Jumanne, 2 Septemba
Kompyuta imegoma. Nimeiambia tenga la sato ni tenga la samaki, ikajaa maandishi mekundu. Ukaidi gani huu! Sato si samaki? Shruti, bila kuulizwa, akasema sato ni samaki, ila kwenye tenga la samaki mtu anaruhusiwa kutia samaki yeyote. La sato ukilihesabu kama la samaki, sawa. Kulitilia chochote, hapana. Ndiyo maana yeye kaweka sharti kwenye programu yake: sato tu. Roho mbaya, basi. Nimenyamazisha ukaguzi. Wekundu kwisha!

Alhamisi, 4 Septemba
Nimemaliza kabla ya Shruti. Mama Evelina kaichukua yangu. Nimekalia kidogo kile kiti cha chini ya feni, kukijaribu tu. Kinanifaa.

Jumamosi, 6 Septemba
Balaa! Asubuhi Nkwabi, mpakiaji wa Mama Evelina, alipokea dagaa. Akagusa tenga la kwanza aliloliona kwenye simu. La sato. Programu yangu ikasema sawa! Tenga likafungwa, likabandikwa jina sato, likavuka daraja hadi Busisi, kwenye harusi. Wakwe wamekaa mkekani wakingoja sato mzima na kichwa chake. Sahani zikafunuliwa. Dagaa! Mjomba wa bibi harusi kasusa, kaondoka na viatu vya mtu mwingine.

Jumatatu, 8 Septemba
Nimeitwa na Mzee. Shikamoo yangu haikuitikiwa. Nikajitetea kwamba dagaa naye ni samaki. Mama Evelina akanijibu, "Haya mwanangu, panda gari ukamwambie yule mjomba." Hata Mzee kacheka. Shruti kapewa kiti. Imeniuma sana. Kanieleza upya, taratibu, hadi nikamwambia nimeelewa kabisa.

Jumanne, 9 Septemba
Mzee kanihurumia. Kazi mpya: programu ya mabanda ya kuku ya dada yake, Bi Bachubai. Nikiiweza, kiti kinaweza kurudi! Kompyuta imeanza tena wekundu wake, eti banda la kuku si banda la ndege. Kuku si ndege? Nimenyamazisha ukaguzi. Shruti kapita, kaniuliza, na mwewe je? Wivu huo. Mwewe gani atakuja kuomba kusajiliwa?