Daktari wa Damu ya Mbuzi

Opicho alikuwa hajamaliza nusu kilo yake ya nyama choma pale soko la Burma alipomsikia Waruguru, mama mwenye bucha, akimsimulia mteja habari za bega lake. Alikuwa amekata mifupa kwa shoka miaka ishirini, na sasa mkono wa kulia ulikuwa haupandi kupita kifua. Alhamisi angepasuliwa kwa vitundu vidogo, daktari akiingiza kamera ndani ya bega.

"Kuna dawa watanidunga ili damu isitoke ovyo," alisema. "Damu ikifunika kamera, daktari haoni kitu, na bega linabaki hivi hivi."

Opicho alijipangusa mafuta mdomoni, akatoa koti jeupe mkobani na kulivaa. Kuna watu husomea udaktari miaka sita. Yeye alihitimu kwa kufunga vifungo vitano.

"Mathe, hiyo ya hospitali imechanganywa na maji. Original ndiyo hii." Akapanga mezani vichupa kumi vya maji ya mfereji wa Kaloleni. "Niletee damu ya mbuzi. Nikitia matone matatu, hutamaliza hiyo chai yako kabla damu haijaganda kama maini."

Siri yake ilikuwa nyepesi: damu mbichi huganda yenyewe ukiiacha tu. Kule Kaloleni aliwauzia watu wazima, tena wakamshukuru.

"Na isipoganda?" aliuliza Waruguru.

"Nakuachia koti, na nakufanyia kazi hadi jioni!"

"Ikiganda, nanunua vyote kumi."

Waruguru akaenda kwa wachinjaji. Alikawia kidogo, akarudi na mabakuli mawili, moja limefunikwa. Opicho alidondosha matone yake kwenye lile la wazi, taratibu, kama padri anayebatiza mtoto wa tajiri. Waruguru akamaliza chai yake. Damu ikabaki maji. Akamimina kichupa kizima, bado maji. Wateja walikuwa wameacha nyama zao kuja kutazama, na jasho likamtoka.

"Mathe, hii mbuzi ilikuwa na stress."

Waruguru alifunua bakuli la pili. Damu ilikuwa imeganda kitambo.

"Hii sijaitia kitu. Hiyo yako niliikoroga kwanza." Akainua kijiti kilichoviringwa nyuzi nyekundu. "Mimi hupika mutura, yale matumbo ya kujazwa nyama na damu, kijana yangu. Damu tunaikoroga ingali moto mpaka nyuzi zote zinazoigandisha zinase kwenye kijiti. Baada ya hapo haigandi hata uiombee."

Kicheko kilichozuka hapo Opicho hakukipenda hata kidogo.

Jioni, Waruguru alikuwa akipima nyama ndani ya koti jeupe lililomkaa vizuri ajabu. Opicho alikuwa ameinamia ndoo ya tatu ya damu.

"Koroga, daktari. Ikiganda unainunua."

"Mathe," alisema kwa unyonge, akilishika bega lake. "Huyo daktari wako wa Alhamisi huangalia mabega ya wanaume pia?"

"Huangalia." Waruguru akafunga kifungo cha tano. "Lakini ukifika, omba ile dawa ya hospitali."