Mumbere Asoma Leseni

"Hizo kompyuta zako zinakunywa umeme wangu, Mama Exaucée," Akwero alikuwa anasema, mikono kiunoni. Kamba ya kuanikia sare za mumewe, askari polisi, ilipita katikati ya majirani hao kama mpaka wa nchi.

"Zinakunywaje na zimelala?" akajibu Hortense, mwenyekiti wa chama cha akina mama Wakongo cha Makindye. "Zote sita zina virusi. Na Ijumaa wafadhili wakikuta tena programu za wizi, wanabeba kompyuta zao."

Mumbere alikuwa anapita zake, shati limepigwa pasi, viatu vya binamu. Aliposikia "programu za wizi", miguu ilisimama yenyewe. Shida ya mtu ilimfikia puani kama vitunguu vinavyokaangwa.

"Salamu, mama zangu. Mimi ni wakala wa programu halali. Zina leseni, zina muhuri."

"Muhuri wa wapi?" Akwero akauliza.

"Wa juu."

Muhuri huo wa juu alikuwa ameuchonga mwenyewe kwenye soli ya ndara. Programu zenyewe aliwahi kupewa na kijana mmoja wa kompyuta pale Nakivubo, aliyemwambia ni za bure, pamoja na karatasi ya leseni ambayo Mumbere hakuisoma. Ya nini kusoma kitu cha kuuza?

Bei yake: cherehani ya umeme ya chama, iliyokuwa moja tu. Hortense aliitazama kama mtu anayesindikiza mwana bandarini.

"Sawa, papa. Ila kwanza weka programu, utufundishe."

Siku tatu Mumbere akafuta virusi, akaweka programu, akafundisha. Hata Akwero alichapa barua rasmi ya kumtaka mumewe afue soksi zake mwenyewe.

Alhamisi mchana akashika cherehani.

"Ngoja kidogo," Hortense akasema. "Sisi karatasi tunasomaka mbele ya chama chote, neno kwa neno, ndio tunasaini. Mara ya mwisho hatukusoma, tukajikuta tumekubali kufuga nguruwe arobaini."

Akina mama wakajaa uani na vigoda vyao. Mumbere akasimama, akakohoa kama askofu, akaanza kutafsiri ile leseni ya Kiingereza. Aya ya kwanza ikapita vizuri. Kwenye ya pili sauti ikapungua, jasho likaongezeka.

"Umeruka mstari," Akwero akasema, kidole kwenye karatasi.

"Huo ni wa wataalamu, mama."

"Soma."

"'Yeyote anaruhusiwa kuitumia programu hii,'" Mumbere akasoma, kama mtoto anayemeza kwinini, "'kuinakili, na kumpa jirani yake, bila kulipia leseni.'"

Vigoda vikasogezwa karibu.

"Rudia hapo pa jirani," Akwero akasema. Akarudia. Akwero akamgeukia Hortense. "Basi na mimi uninakilie. Ya umeme tutaongea."

Wanawake wanne wakairudisha cherehani ndani, wakiimba. Mumbere akachukua mkoba wake, akanyata kuelekea getini.

"Asante, mwalimu," Hortense akamwita. "Kesho wafadhili watazikuta safi."

Akwero alikuwa ameshafika getini, na hakuwa mwembamba.

"Unaenda wapi na njaa, mwalimu? Mume wangu, Afande Okeny, ametoka kituoni sasa hivi, na ana hamu sana ya kuuona huo muhuri wako wa juu." Akamshika mkono kwa upole. "Pita ndani. Mboga ya malakwang iko mezani, na kiti chako ni kile cha karibu naye."