Malengelenge Kabla ya Sherehe ya Mjukuu

Jumanne, 3 Oktoba
Nimeshinda bwawani juani. Nimevua samaki, mwatiko mkubwa kuliko wote Tainan! Jumapili mjukuu anatimiza mwezi. Babu mwenzangu Chuang, baba wa mkwe wangu, ataleta nini? Keki. Maskini! Mpango: mimi ndiye wa kwanza kumbusu mtoto, kamera zikiwaka. Mdomo unawasha kidogo. Si kitu.

Jumatano, 4 Oktoba
Malengelenge! Kishada kizima mdomoni, kama mayai ya samaki. Nimepaka dawa ya meno. Mke wangu A-kim kacheka hadi kakaa chini, kisha kanitengea kikombe na taulo yangu peke yangu. Kama mpangaji!

Alhamisi, 5 Oktoba
Nimeyatumbua kwa sindano. Balaa! Mfamasia, Bi Lü, kanigombeza: “Mjomba, unapanda mbegu?” Eti ni virusi. Vikishaingia havitoki, hulala kwenye mishipa ya fahamu, jua na uchovu huviamsha. Dawa ningepaka tangu muwasho wa kwanza. Kanipa hata hivyo: ninawe mikono, nisiguse macho, nisibusu mtu. Kauliza kama nyumbani kuna kichanga. Nimesema hakuna. Kweli hakuna. Yuko kwa binti yangu.

Jumamosi, 7 Oktoba
Kigaga. Poda ya A-kim inakificha vizuri sana. Mimi ni bingwa!

Jumapili, 8 Oktoba
Mayai yaliyopakwa rangi nyekundu ya heri, wali wa mafuta, wageni tele. Binti yangu Pei-shan akanipakatisha mtoto. Nikainama. Kanukia maziwa. Akapiga chafya, kachafya kadogo kama ka paka, na mimi nikarudisha kichwa nyuma. Nikapiga kelele: “Mchukueni! Babu ana malengelenge!”

Pei-shan akasema virusi hivyo vinaweza kumuua mtoto wa umri huu. Akanifuta poda kwa tishu, macho yamemjaa machozi. “Baba, ungembusu ningekuhamisha kisiwa.” Kisha akaniegemea begani.

Chuang, aliyekuwa wa pili kwenye foleni, akarudi nyuma taratibu. Naye ana kigaga! Chini ya masharubu! Tukapelekwa meza ya mbali, wazee wawili, tukamla mwatiko wangu pamoja. Si mtu mbaya.

Jumatano, 11 Oktoba
Chuang kapiga simu. Anasema Bi Lü hajui kitu! Kuna jani la shubiri linalomaliza virusi milele. Analikata, anajisugulia mdomoni, na ananiletea. Lile lile! Watu wakarimu bado wapo.