Mkono wa Kushoto Unatosha

Jumatatu, 4 Novemba

Nimegundua siri ya darasa la piano! Mwanafunzi anayejua mkono mmoja tu, Mwalimu hukaa naye kiti kimoja na kumpigia mkono wa pili. Leo alikaa hivyo na bibi muuza maua, wakapiga kile kipande kitamu ambacho kila anayeanza hufundishwa, bega kwa bega tangu mwanzo hadi mwisho. Bibi wa watu hana haja na bega la mtu. Mimi ninayo. Tangu Mwalimu ahamie ghorofa ya juu ya saluni yangu, sina raha wala usingizi.

Uamuzi: nitajifunza mkono wa kushoto tu. Kipande nimeshachagua, kile cha polepole kinachopendwa na dunia nzima. Kushoto kunatembea chini chini, kama baba anayerudi nyumbani asitake kuamsha watoto, na kulia kunaimba juu yake. Onyesho la wanafunzi ni mwisho wa mwezi. Nitakaa na Mwalimu kiti kimoja mbele ya watu wote, na nota ya mwisho ikilia tu, nitamwambia kwamba nampenda.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimekiweka kipande kwenye redio ya saluni tangu asubuhi ili mkono wa kushoto ukizoee. Matatizo. Mteja wa kwanza alisinzia, kichwa kikaangukia mashine ya kunyolea, akaondoka na barabara utosini. Nikabadilisha, nikaweka kile cha kasi, ambacho vidole vinakimbizana kama panya darini. Mkono wangu ukafuata mwendo! Karani wa benki alitaka kupunguziwa ndevu. Sasa hana ndevu. Nilimwambia amerudi ujana, akaondoka amejishika kidevu bila kuaga.

Dada yangu, anayesuka wanawake nyuma ya pazia, ameuliza kwa nini nisipande ngazi nikamwambie Mwalimu yaliyo moyoni. Dada yangu hajui mipango.

Jumatano, 13 Novemba

Balaa! Pindo, fundi cherehani wa mtaa wa pili, naye amejiandikisha kwa Mwalimu. Kipande kilekile. Mkono wa kulia tu! Anadai kidole chake cha mkono wa kushoto kilichomwa na sindano. Mwongo mkubwa. Wazo langu kalipata wapi? Nimekumbuka: nilimsimulia mwenyewe, nikijisifu, alipokuja kunyolewa. Hapo nina kosa, ila dogo.

Jumanne, 26 Novemba

Mazoezi ya mwisho. Nilifika mapema, nanukia. Pindo alikuwa amefika mapema zaidi, ananukia zaidi. Mwalimu alitutazama, akacheka kwa furaha. Akasema tumemrahisishia kazi: mmoja ana kushoto, mwingine ana kulia, basi tupige pamoja naye apumzike.

Kiti kimoja! Mimi na Pindo! Jamaa ana mwili wa watu wawili. Nimefanya mazoezi yote huku nusu ya makalio yangu iko hewani, na kila nikimsukuma ananiomba nitulie.

Jumamosi, 30 Novemba

Siamini yaliyotokea. Ukumbi ulijaa. Tulianza vizuri, mimi natembea, Pindo anaimba. Katikati akainua macho, akaona watu wote wale, akaganda. Vidole vikabaki juu ya vitufe kama vya sanamu. Nikaendelea na kushoto peke yake. Mtu akakohoa. Dada yangu akajifunika uso.

Basi mkono wangu wa kulia ukainuka wenyewe ukaanza kuimba! Mwezi mzima saluni, kumbe nao ulikuwa unasikiliza. Nilikosea hapa na pale, lakini nilifika mwisho, na sijawahi kufurahi hivyo maishani. Watu walisimama wakapiga makofi. Pindo aliinama kuyapokea.

Makelele yale yalinisahaulisha niliyopanga kusema. Mwalimu akanivuta pembeni, macho yamelowa.

“Kumbe mikono yote miwili unayo,” alisema. “Mimi kutwa nawapigia watu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunipigia. Kesho jioni panda juu, unipigie hiki hiki. Nataka nikae tu nikusikilize.”

Jumapili, 1 Desemba

Nimeyapima maneno yake tangu alfajiri. Ni msiba! Akae tu anisikilize, maana yake yeye yuko kwenye sofa, mimi niko kwenye piano, na katikati yetu zulia zima. Bega liko wapi? Nimejiharibia kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilimweleza dada. Aliweka kitana chini, akauliza kama nilizaliwa hivi au niliangushwa. Mimi dawa nilikuwa nimeshaipata. Nimefunga mkono wa kulia bandeji, kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko, na kuidondoshea iodini kidogo ili iaminike. Nitasema nimebanwa na mlango. Atalazimika kukaa nami kiti kimoja!

Napanda ngazi sasa hivi. Mwandiko ni mbaya leo kwa sababu naandika kwa kushoto.