Matope Mgongoni, Baveti Hakuna

Jumatatu, 6 Novemba
Mvua tangu asubuhi. Nimepanda baiskeli toka Nyalukemba mpaka Mudaka, kwa Papa Raphaël, baba ya Apolline. Shati jeupe. Maneno tayari. Nikaongea kama wakili! Muzee akapenda. Halafu nikageuka kumsalimia maman wa Apolline. Kicheko. Gurudumu la nyuma lilinichora mstari wa matope toka kiunoni hadi shingoni.

Constantin alikuwa kitini. Naye anamtaka Apolline, naye alikuja kwa baiskeli. Msafi kama yai! Baiskeli yake iko na baveti, vile vipande vya mpira vinavyoning'inia nyuma ya gurudumu kuzuia matope. Papa Raphaël akasema mwanaume asiyejua kuchunga mgongo wake atachungaje mke. Constantin akaitika amina. Mnafiki.

Jumanne, 7 Novemba
Nimeenda sokoni kwa Papa Christophe, muuza vyombo vya baiskeli. Baveti zimekwisha. Constantin amenunua zote, ingawa baiskeli yake ni moja! Papa Christophe amesema nyingine zitakuja na boti ya Minova, nivumilie. Kuvumilia! Jumapili padri anabariki nyumba mpya ya Papa Raphaël, kwaya yetu itaimba, na Apolline atasema mbele ya wazazi anamtaka nani.

Jumatano, 8 Novemba
Nimejitengenezea. Nimekata mpira wa ndani wa gurudumu kuukuu. Kazi safi. Kwenye mteremko mpira ukajipinda, ukaingia kwenye spoku. Baiskeli ikasimama. Mimi sikusimama. Nimetua ndani ya beseni ya Maman Georgette, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Amenitukana kwa Mashi, kisha kwa Kiswahili, nisipitwe na kitu. Nimeoga mara tatu. Paka bado wananifuata.

Ijumaa, 10 Novemba
Mpira ni laini mno. Inatakiwa kitu kigumu. Nimekipata! Ufunguo wa depo ya kwaya, chumba cha kuwekea vyombo, ninachunga mimi. Nyuma ya viti, banderoli, bango refu la plastiki nzito, imekunjwa. Ya mwaka jana, bila shaka. Nimekata kipande kwenye kunjo la juu tu, bila kuikunjua. Kina maandishi kidogo, kama kitu cha kiwandani. Nimekifunga nyuma ya gurudumu. Urembo!

Jumapili, 12 Novemba
Mvua kubwa. Nimefika Mudaka na mgongo mweupe kama hostia! Maman akanizungusha, hakuona doa. Papa Raphaël akanipa kiti cha mbele.

Halafu Maman Eulalie, prezida wa kwaya, akafunua zawadi yetu kwa nyumba. Banderoli mpya. Ilipaswa kusema MAPENDO YA MUNGU HAYANA MWISHO. Ikasema MAPENDO YA MUNGU, tundu, YANA MWISHO. Ndani ya tundu ng'ombe alikuwa anatuangalia.

Padri akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Constantin akaenda polepole penye baiskeli yangu, akainama, akasoma kama yuko altareni: "HA."

Apolline alicheka mpaka akakaa chini. Papa Raphaël hakucheka. Akasema, "Stanislas, weye umekata neno la Mungu ufungie gurudumu la velo?"

Nikajitetea kwamba Constantin alinunua baveti zote za soko. Nikapewa sindano. Nikashona HA mbele ya padri, jasho linanitoka.

Apolline akaulizwa. Akasema yeye hamtaki Constantin, maana anayenunua baveti zote ili wengine wachafuke atamnyima mke hata chumvi. Kuhusu mimi, akasema bado anafikiri.

Bado anafikiri! Nimeimba njia yote ya kurudi.

Jumatatu, 13 Novemba
Papa Raphaël ametuma neno: nirudi Jumamosi, nije msafi, na nije na akili. Akili ninayo. Boti ya Minova haijafika. Mvua haijakoma. Mchana kwaya imeletewa ngoma mpya. Ngozi ya ng'ombe, ngumu, haipitishi tone la maji. Nimeiangalia kwa makini. Ngoma iko na pande mbili, na sisi tunapiga upande mmoja tu.