Mhogo Sugu wa Ploti ya Nne

Jumatatu, 2 Machi
Ugonjwa wa batobato umemaliza mihogo ya mtaa mzima. Majani yamejikunja na kupiga madoa ya njano. Ukichimba unaambulia mizizi ya unene wa kidole. Shamba pekee lililosalimika ni la mama mkwe, nalo ndilo linalotulisha watu tisa. Siri yake? Anakagua kila pingili kabla ya kupanda, kama afisa wa mpakani. Ushamba! Mimi nafanya kazi kituo cha utafiti wa mimea. (Nafyeka nyasi. Lakini nafyeka kisayansi.) Shemeji, kaka wa mke wangu, kachaguliwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima kwa sababu tu ana sauti nene. Atanitambua.

Jumanne, 3 Machi
Ugunduzi! Ploti ya nne kituoni, ndani ya wavu, ina kibao: BATOBATO – SUGU. Sugu! Yaani mhogo usiotishwa na batobato. Wataalamu wanaufungia ndani na watu wanalala njaa. Roho mbaya iliyoje! Majani yake yana madoa, kweli. Ndio ushahidi wenyewe: yaliugua, yakapona, yakabaki na makovu. Nimefyeka hapo mara mbili bila kuagizwa.

Jumamosi, 7 Machi
Nimetoka getini na pingili thelathini ndani ya mzigo wa nyasi. Mlinzi kauliza nimeanza kufuga lini. Sungura, nikamjibu, ingawa hakuuliza mnyama gani. Mama mkwe akataka kuzikagua. Nikamwambia sayansi haikaguliwi kwa macho, mama. Akasema haya mkwe, wewe ndiye wa kituoni. Nimezipanda katikati ya shamba lake, mahali shemeji atakapoziona vizuri.

Jumamosi, 28 Machi
Zimechipua! Majani ya kijani na njano, yamekunjamana vizuri. Mama mkwe kauliza haya ni nini. Makovu, nikasema. Akauliza jani la siku tatu limeugua lini. Mwanamke huyu anapenda ubishi. Alitaka kung'oa; nikamsihi aniache na mimi niwe mtu mbele za watu. Kaziacha, akasema ni kwa ajili ya binti yake. Shemeji kapita, kaona, kacheka mpaka kashika mbavu. Wivu huo.

Jumamosi, 9 Mei
Shamba limejaa inzi weupe, wadogo mithili ya punje za chumvi. Nimetangaza nyumbani kwamba hata wadudu wameukubali mhogo wangu. Halafu nikaona madoa kwenye mihogo ya mama mkwe. Safu ya tatu. Ya nne. Nilipofika ya kumi na moja nikaacha kutazama. Nikawaeleza kwamba usugu umesambaa, sasa shamba zima halishindiki. Hakuna aliyepiga makofi.

Jumatatu, 11 Mei
Shemeji, mchochezi mkubwa, kamleta Daktari wa mimea kutoka kituoni. Bosi wangu! Kauliza pingili zimetoka wapi. Nikatazama mawingu. Mama mkwe akajibu kwa upole kwamba zimetoka kwao kituoni, kaleta mkwe. Daktari akakaa kitako juu ya tuta. Kaeleza polepole: ploti ya nne ni wodi. Wanaufuga ugonjwa makusudi, ule sugu, ili wapime kama mbegu mpya zitauhimili. Ugonjwa ndio sugu, si mhogo, na inzi weupe ndio wanaoubeba. Nikasema basi kibao kina kosa la Kiswahili. Akatoa kalamu, akaandika jina langu.

Jumatano, 13 Mei
Tumeng'oa shamba lote na kuchoma moto. Mama mkwe hakunitukana, afadhali angenitukana. Aliuliza tu tutakula nini mpaka mwakani. Niliona aibu, kwa kweli. Shemeji kasema kikundi kitachanga unga. Anapenda kujionyesha huyu. Kituoni nimehamishwa: sasa nafyeka nje ya ukuta.

Jumamosi, 16 Mei
Daktari kamletea mama mkwe chupa sita. Kila moja ina mche wa mhogo uliokuzwa maabara, safi, usioshikwa na batobato, umesimama ndani ya kitu kama jeli. Mingine haipatikani mpaka msimu ujao. Shamba zima litaanzia hapo. Kasisitiza kivuli, na chupa zisiguswe wiki mbili. Mama mkwe kazificha chumbani kwake, kafunga mlango kwa kufuli, kaenda kupokea unga wa kikundi.

Dirisha hakulifunga.

Maskini miche ile! Imebanwa mle bila hewa, majani yamegota kwenye kifuniko. Na hawa wanajiita wataalamu! Nimeifungua yote sita, nikaianika juu ya bati ipate jua la kutosha. Mama mkwe akirudi atakuta imempita kimo.

Saa nane mchana. Nimepanda kuikagua. Yote sita imelala chali. Vizuri sana. Kitoto kinachokua lazima kilale.